Nembo na Kiboksi cha Bakapu

Jina lake halisi liko kwenye cheti cha kuzaliwa, limelala huko huko, wala hakuna anayelisumbua. Mtaani wote wanamwita binti huyu Nembo. Ukitaka nembo ya shule kwenye mfuko wa shati, jina la hoteli kwenye aproni, au tai wa timu yenu kwenye kofia, na awe tai kweli, siyo kuku aliyekasirika, utaambiwa nenda pale kwenye duka la darizi, muulize Nembo.

Duka lenyewe wala si kubwa, jamani. Mbele kuna kaunta na kompyuta ya kaka yake, anayepokea oda na kugombana na wateja kwa heshima. Nyuma kuna chumba cha mashine, na hapo ndipo kelele zilipo, drrrr-drrrr kutwa nzima, sindano zinapanda na kushuka kama zinafukuzwa. Anayeziendesha ni Mama Pacha, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, naye ana kompyuta yake ndogo ya kupelekea faili kwenye mashine. Halafu dirishani, pembeni kabisa, kuna meza ya Nembo na kompyuta ya michoro.

Sasa mtu akiona zile mashine anadhani zina akili. Hazina! Mashine ya darizi haijui ua ni nini. Lazima mtu akae chini aiambie sindano kila kitu: anzia hapa, kata kona pale, ruka, badilisha uzi, rudi. Ua moja tu linaweza kula siku nzima. Likishakuwa faili, basi, unalishona hata kwenye mashuka ya hospitali nzima. Hiyo ndiyo kazi ya Nembo, na hakufundishwa darasani. Chuo alikiacha mwanzoni kabisa, mama yake alipoanza kuumwa. Alisema anaacha kwa muda tu. Muda wenyewe mpaka leo haujaisha.

Kwa mikono mama yake ndiye aliyekuwa fundi wa mafundi. Alichora kwa chaki, moja kwa moja juu ya kitambaa, bila karatasi wala rula. Anashona, anafua, chaki inaondoka, linabaki ua. Miguu ilipogoma na kitanda kikamshika, Nembo aliibeba kompyuta nzima kutoka dukani akaiweka chumbani kwake. Mama anachora kwenye kitambaa alichokitandika mapajani, Nembo anapiga picha, anafuatisha mstari kwa mstari.

"Hapana, mwanangu," mama anasema, shingo imenyooka kwenye mto. "Hilo ua umelisimamisha kama askari. Lilegeze kidogo. Maua nayo huchoka."

Nembo analegeza.

"Umelegeza mno sasa! Hilo limelewa."

Wanacheka mpaka mama anaanza kukohoa. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa folda la Maua ya Mama. Mama alipoondoka, chaki ilikuwa imeshafuliwa siku nyingi. Kilichobaki cha mkono wake kilikuwa humo ndani ya kompyuta, na wanaharusi waliendelea kuyaulizia maua yale mwaka hadi mwaka.

Tuje kwa baba yao sasa.

Baada ya msiba, mzee yule alikuwa anaamka, anavaa shati, anafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, kisha anakaa ukingoni mwa kitanda. Basi. Hana pa kwenda. Sahani inaingia ya moto, inatoka ya baridi. Mikono ilikuwa imeshaanza kutetemeka, sindano haishiki tena, na duka alikuwa ameshamkabidhi mwanawe. Nembo akaona huyu tunampoteza hivi hivi tunamtazama. Akamwendea kaka yake.

"Mpe funguo, Kaka. Awe anafungua asubuhi na kufunga jioni. Hilo tu."

"Na mikono ile?"

"Kufuli halihitaji mkono wa kudarizi."

Akapewa. We, yule mzee alifufuka! Siku ya pili kanyoa ndevu. Wiki haijaisha ameanza kulalamika kwamba chumvi haitoshi. Na kufunga duka alikufanya kazi hasa, siyo kusukuma mlango tu. Zamani, kabla Nembo hajazaliwa, duka lao la kwanza liliungua kwa sababu ya pasi iliyosahauliwa kwenye umeme, na cherehani ya kwanza ya mama ikateketea humo. Hilo halikumtoka mzee kichwani. Kwa hiyo jioni anawatoa wote nje kwanza, hataki mtu wa kumchanganya. Anachomoa pasi, anachomoa feni, anapita kila ukuta anapapasa soketi. Mwisho kabisa anaenda kwenye ubao wa umeme na kushusha meni swichi, tap! Giza. Ndipo anafunga makufuli na kuyavuta, moja moja. Wateja wakamwita Mzee Swichi, naye akapokea jina kama mtu aliyepandishwa cheo.

"Umeme si mtu wa kumwachia nyumba," alikuwa anasema. "Hata ukimfahamu."

Kisha jioni moja akasahau. Kufuli la mlango wa nyuma alilivuta lakini hakulibana, likaachwa linaning'inia. Hakuna kilichoibwa. Ila kaka mtu ndiye aliyelikuta asubuhi, akamwita Nembo pembeni, sauti ya chini.

"Mimi sitaki kugombana na Baba. Unanisikia? Lakini akikosea tena jambo la kuumiza duka, nachukua funguo. Akapumzike nyumbani."

"Nyumbani atapumzika nini, Kaka? Si ulimwona alivyokuwa?"

"Nimesema akikosea."

Kaka huyu si mtu mbaya, jamani. Ni mtu aliyechoka tu, mwenye duka, watoto na kichwa kinachomuuma mchana. Lakini akisema kitu amekisema. Tangu siku hiyo Nembo akawa anatembea na neno hilo kifuani. Jioni akifika nyumbani, anasikiliza kwanza kama baba anapiga mluzi akirudi. Akisikia mluzi, ndipo anavua viatu.

Habari ya bakapu, yaani nakala ya akiba ya mafaili, ililetwa na jirani. Jirani yao ana duka la kupiga picha na kuchapisha kadi, na siku moja kirusi kiliingia kwenye kompyuta zake kikafunga kila kitu. Kila faili. Mtu mzima yule alikaa kwenye ngazi za duka lake, kashika kichwa, machozi yanamtoka mchana kweupe. Kaka alirudi kutoka kumpa pole, uso umempauka.

"Sisi tuna nini?" aliuliza.

"Tuna flashi," Nembo akajibu.

"Iko wapi?"

Nembo akamtazama Mama Pacha. Mama Pacha akasimamisha mashine.

"Flashi? Ile nyeusi?" alisema. "Si ndiyo niliyowawekea wanangu nyimbo za katuni! Mlisema iko tupu!"

"Nani alisema iko tupu?"

"Mimi niliiona tupu nilipomaliza kuifuta."

Kaka akafunga macho kama mtu anayehesabu kimoyomoyo. "Nembo," alisema, "tafuta kitu cha maana. Wewe ndiye mwenye kompyuta humu."

Mtoto wa watu akaingia kazini, na kwa siku zile simu yake ilikuwa ya moto muda wote. Video za watu wanaoongea haraka, majukwaa ya watu wanaotukanana kuhusu diski, maswali aliyouliza yakajibiwa na mtu wa bara jingine kabisa mwenye picha ya paka. Alikuwa na raha! Maana ni mara ya kwanza mtu alimwambia chagua wewe. Akabaki na programu za namna tatu, akazijaribu moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ilikuwa inapeleka nakala kwenye intaneti. Safi, haina waya wala nini. Wakaiwasha. Ikaanza kupakia, ikapakia, ikapakia.

"Itamaliza lini?" kaka aliuliza.

Nembo akachungulia. "Inasema mwakani."

"Mwakani!"

"Na hapo ni kama hakuna mtu atakayefungua hata ujumbe mmoja wa simu humu ndani."

"Basi hiyo waachie wenye intaneti yao," Mama Pacha akasema.

Ya pili ilikuwa ya bure, na kaka aliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Inanakili kila kitu kwenye diski ya pembeni papo hapo. Lakini Nembo alipofuta faili kwenye kompyuta, kule kwenye diski nako likafutika palepale.

"Hii siyo bakapu, hii ni kioo," alisema. "Ukijikata uso, na kioo kinajikata."

"Lakini ni ya bure, Nembo."

"Na kirusi kikiingia, tutapata nakala ya bure ya kirusi."

Kaka akashindwa hata kukasirika.

Ya tatu ndiyo ilikuwa yenyewe. Hii inazikusanya kompyuta zote tatu kupitia mtandao wao wa humo ndani na kuweka nakala kwenye kiboksi kimoja chenye diski mbili. Tena haifuti ya zamani ikipata mpya. Ukiharibu leo, unarudi kuchukua ya juzi. Kiboksi kikapangwa kabatini, katikati ya nyuzi, taa yake ya kijani inapepesa. Kaka aliguna kuhusu bei, mwishowe akatoa.

Tatizo likawa moja. Waliipanga kufanya kazi asubuhi, na asubuhi ndipo wateja wanapojaa. Kompyuta zikawa zinatambaa. Kaka anabonyeza, anasubiri, mteja anamwangalia, yeye anaangalia kioo.

"Nembo! Watu wamesimama hapa, kompyuta inawaza!"

Kwa hiyo Nembo akabadilisha. Akaipanga usiku, watu wakiwa wamelala. Halafu kulikuwa na mahali panapouliza: ikikosa kunakili usiku, ifidie asubuhi? Akaondoa ile alama ya tiki, ili kaka asipige kelele tena. Na ile nakala aliyoianzisha asubuhi, ambayo haikuwa imefika hata robo, akaifuta ili usiku ianze upya, safi.

Akawaita wote waje waone jaribio. Alichukua folda la picha za watoto wa Mama Pacha, wale pacha wenyewe wakiwa wamepakwa keki mpaka masikioni, akalinakili kwenye kiboksi. Kisha akalifuta kwenye kompyuta mbele ya macho ya mama yao.

"We mtoto wee!" Mama Pacha alipiga kelele. "Hizo sina mahali pengine!"

"Subiri."

"Nisubiri nini, umeniulia wanangu!"

Nembo akabonyeza mara mbili, pacha wakarudi na keki yao. Wakapiga makofi. Baba naye, amesimama mlangoni na hajui kinachopigiwa makofi ni nini, akapiga. Kwenye programu pakatokea tiki nene ya kijani. Nembo akawa kama ameota mbawa.

"Kuanzia leo," aliwatangazia, "jioni mtu asizime kompyuta. Funga kazi zako, zima kioo, iache inawaka. Usiku bakapu inapita yenyewe. Ikishindwa, inanitumia ujumbe kwenye simu."

Alimwambia kaka. Alimwambia Mama Pacha. Baba hakumwambia. Wala hakudharau, hapana. Baba alikuwa haguswi na mambo ya kompyuta hata kidogo. Alizipitia kwa mbali kama mtoto mchanga wa mgeni, usije ukamgusa akalia. Sasa umwambie asizime kitu ambacho maisha yake yote hajawahi kukizima?

Na meni swichi je? Nembo aliijua, na mtaa mzima uliijua, jina lenyewe la mzee lilitoka huko. Lakini alikuwa ameizoea masikioni mpaka haisikii tena. Jioni yeye anakuwa ameshatolewa nje na wenzake, yuko njiani. Asubuhi mzee ndiye anayetangulia, anainua swichi, na kompyuta zinawaka zenyewe. Nembo mwenyewe ndiye aliyezipanga hivyo zamani, kwa sababu umeme ulikuwa unakatika hovyo. Akifika anazikuta zinawaka. Kama zinaonekana zimejiwasha upya, anajua ni masasisho, kompyuta zina tabia hizo.

Simu haikuleta ujumbe wa kushindwa. Wiki zikapita, miezi ikapita, simu kimya. Nembo akaupenda ule ukimya, akalala usingizi mzuri.

Halafu ikaja ile asubuhi. Aliingia dukani akasikia kompyuta ya michoro inatoa sauti, tik, tik, tik, kama mtu anayebonyeza kalamu. Kioo cheusi. Akaizima, akaiwasha. Tik, tik, tik. Mama Pacha akashika mdomo.

"Tulia, Mama Pacha," Nembo alisema, na kusema kweli alikuwa anatabasamu. "Diski imekufa. Ndiyo maana tuna bakapu."

"Maua ya mama yako yamo?"

"Yamo yote. Wewe lete chai."

Akaenda kwenye kompyuta ya kaka, akafungua programu, akaingia kwenye kiboksi. Humo mlikuwa na folda moja tu. Akalifungua. Pacha wawili, keki mpaka masikioni.

Akatoka, akaingia tena. Akabonyeza kila kitu kinachobonyezeka. Akafungua sehemu ya taarifa, ambako programu huandika ilichofanya na ilichoshindwa. Hakuna ilichofanya wala ilichoshindwa. Chini ya siku ya jaribio palikuwa patupu, kama ukuta uliopakwa chokaa. Mama Pacha akarudi na chai, akamkuta amekaa, mikono katikati ya magoti, rangi yote imemtoka.

Kaka akaipeleka diski kwa fundi wa kompyuta yeye mwenyewe, mbio mbio, kisha Nembo akabaki huko kusubiri. Fundi alikuwa mpole. Aliifungua, akaisikiliza, akaiweka chini taratibu kama mtu anayemlaza mtoto.

"Pole, dada. Imekwaruzika ndani. Hapa hapatoki kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo." Akaigeuzageuza. "Nyie huko kwenu mna tatizo la umeme? Hii ilikuwa inakatiwa moto ikiwa inazunguka. Siyo mara moja. Inaonekana kama kila siku."

"Hapana," Nembo alisema. "Siku hizi umeme wetu uko..."

Akaishia hapo.

Tap! Akaisikia humo kichwani, kama mtu kaishusha sikioni mwake. Kila jioni. Kompyuta alizosema yeye zisizimwe, kiboksi na taa yake ya kijani, vyote kwa pamoja, tap, giza. Programu haikushindwa kazi usiku. Haikuwahi kuamka usiku hata mara moja. Ingetumaje ujumbe nayo imezimwa? Na asubuhi ingefidia vipi, tiki aliiondoa mwenyewe? Halafu juu ya yote, zamani walikuwa wanazima kompyuta vizuri kabla mzee hajafika kwenye swichi. Yeye ndiye aliyesema ziachwe.

Alirudi kwa miguu. Njia nzima hakulia kwa ajili ya maua, hilo lilikuwa bado halijafika. Alikuwa anawaza maneno mawili tu ya kaka yake. Akikosea tena.

Dukani walikuwa wanamsubiri wote. Kaka kaunta, Mama Pacha mlangoni mwa chumba cha mashine, na baba kwenye kiti chake karibu na pasi, funguo zinalia kidogo mkononi kwa ule mtetemo.

"Haikupona," Nembo alisema.

"Na bakapu?" kaka aliuliza. "Nieleze bakapu. Nilinunua kitu, kinawaka taa mle kabatini kila siku. Kilikuwa kinafanya nini?"

"Hakikunakili."

"Kwa nini hakikunakili?"

Baba akainua kichwa. "Kwani kimeharibika nini, watoto?" aliuliza. "Mbona mnanitisha?"

Nembo akamtazama. Vifungo vyote vimefungwa mpaka cha shingoni, lakini leo vilikuwa ni vifungo vya mtu aliye kazini.

"Ni mimi, Kaka," alisema. "Kuna mahali pa kuweka tiki. Sikuweka."

"Hukuweka tiki."

"Niliiondoa. Nikafanya jaribio dogo, nikaridhika. Sikuangalia tena."

"Miezi yote hii hukufungua hata siku moja ukaangalia?"

"Sikufungua."

Hakusema uongo hapo hata neno moja. Angalia sasa jinsi ukweli unavyoweza kukatwa kipande, kikatosha mlo mzima.

Kaka hakupiga kelele, na bora angepiga. "Maua ya Mama, Nembo," alisema. Kisha akageukia rafu ya nyuzi akasimama hivyo, mgongo kwao wote, mkono mmoja umeshika bobini nyekundu isiyo na kosa. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu. "Hiyo kompyuta usiiguse tena. Nitaleta mtu."

Wakamkalisha chumba cha mashine, kwenye kona ya kukata nyuzi. Shati likitoka kwenye mashine lina nyuzi zinazoning'inia nyuma ya nembo, mtu anazikata kwa mkasi mdogo. Kazi ya mtu yeyote mwenye macho. Siku mbili tatu Mama Pacha alikuwa hamwambii kitu. Halafu akasimamisha mashine zote, kukawa kimya cha ajabu.

"Nembo. Sisi tulikuwa tunaacha kompyuta zinawaka, si ndiyo? Mimi niliacha. Kaka yako aliacha. Sasa Mzee jioni anapo..."

"Mama Pacha."

"...shusha ile..." Akaziba mdomo kwa mkono wote. "Mungu wangu."

"Nakuomba."

"Lakini unaumia wewe! Mtu wa michoro unakata nyuzi kama umefungwa jela!"

"Kosa ni langu. Niliwaambia wote, yeye sikumwambia."

"Basi sema hivyo hivyo kwa kaka yako, ataelewa."

"Ataelewa, halafu atachukua funguo." Nembo aliendelea kukata, chwi, chwi. "Wewe hukumwona Baba amekaa kitandani na shati lake. Mimi nilimwona. Mimi ndiye niliyekuwa nazitoa zile sahani."

Mama Pacha akapangusa pua kwa kitambaa cha majaribio, akawasha mashine.

Jioni ile baba alichelewa kumtoa nje. Wengine walishaondoka. Akavuta stuli, akakaa karibu naye, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Mama," alisema, maana hivyo ndivyo anavyomwita binti yake akiwa na huruma. "Naona huli."

"Nakula, Baba."

"Huli. Mimi najua mtu asiyekula anavyofanana." Akaitazama mikono yake inavyocheza. "Mimi niliwahi kuunguza duka. Pasi ile niliiacha mimi, mama yenu hakuwahi kuwaambia. Alinisamehe siku ileile, moshi bado unatoka. Kwa hiyo na mimi nimekusamehe. Na yeye angekusamehe kwa hayo maua."

Hapo ndipo maua yalipomfikia. Yote kwa pamoja, na sauti ya mama ndani yake. Alitaka kumwegemea baba yake alie hasa, walie wote wawili kwa mtu wao mmoja. Lakini angelia vipi mbele yake? Angeulizwa. Angesema. Akauma ulimi mpaka akasikia ladha ya damu.

"Asante, Baba," alisema.

"Haya, toka nje sasa. Nifunge."

Mtu aliyeletwa alikuwa na laptopu nyembamba na miwani, wakamwita Mtaalamu kabla hajamaliza kusalimia. Kazi anaijua, tumpe haki yake. Mteja mmoja wa zamani aliazimisha shuka lake la harusi, Mtaalamu akalipiga picha na kuanza kulifufua ua moja la Mama. Likatoka zuri sana. Kila petali imepimwa, ya kushoto sawa na ya kulia. Kaka alifurahi. Nembo alikata nyuzi zake, akalikunja shati.

Kisha Mtaalamu akaifungua programu ya bakapu, akaichunguza. "Programu mlichagua nzuri," alisema. "Aliyeipanga tu ndiye hakujua. Naiweka usiku, na hii tiki nairudisha."

Nembo akasimama na mkasi mkononi. "Weka mchana."

"Samahani?"

"Saa ya chakula. Iweke mchana. Na jioni kompyuta zizimwe zote, kabla ya kutoka."

Mtaalamu akacheka, wala si kwa ubaya. "Dada, usiku ndio wakati wake. Mchana italemea mashine zenu."

"Ilemee. Umeme wa usiku hapa hauaminiki."

"Nembo," kaka alisema kutoka kaunta, taratibu. "Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana, Kaka. Neno moja tu hili. Kosa langu nimelilipia, si ndiyo? Niachieni hili moja."

Mama Pacha, ambaye hakuulizwa, akapaza sauti juu ya mashine. "Wekeni mchana! Mimi mwenyewe mchana nakula, sihitaji kompyuta!"

Kaka akapunga mkono, kama mtu anayefukuza inzi. "Weka mchana. Tusigombane kwa hilo."

Ikawekwa mchana. Siku ya kwanza, saa ya chakula, kompyuta zikaanza kutambaa, na Mtaalamu akawa anapiga meza kwa vidole na kulalamika kwamba hajawahi kuona duka lenye ushauri wa namna hii. Kwenye kiboksi, mafaili yakaanza kuingia, moja baada ya jingine. Nembo aliyaona kwa mbali kupitia mlango. Hakukuwa na folda la Maua ya Mama. Lilikuwepo la ua moja.

Baba alikuwa anapita kuangalia soketi, ingawa jioni ilikuwa bado. Akasimama nyuma ya Mtaalamu, akamtazama kwa heshima kubwa, kisha akaja kuinama kwenye kona ya nyuzi.

"Huyu kijana anaijua kazi," alimnong'oneza. "Kaa naye karibu, mama, ujifunze. Lisije likakupata tena."

"Sawa, Baba," Nembo alisema.

Baba akampigapiga begani, mkono ukitetemeka, akaendelea na soketi zake huku anapiga mluzi. Nembo akavuta shati lililofuata, akaligeuza nyuma, akatafuta uzi.